Vidole Vitatu

Mwaka mzima nilidhani ni panya.
Saa nane ya usiku, Hombolo imelala,
kru, kru, kru,
kama meno madogo yanayotoboa gunia la mtama.
Nikanunua mtego. Nikanunua sumu.
Nikaazima paka kwa Mama Lechipya;
akala dagaa wetu siku nne, akarudi kwao amenona.

Asubuhi Mbeleje anaamka ameshika shavu,
kichwa amekifunga kitenge kama mzigo wa kuni.
"Kinanigonga hapa, nyuma ya jicho,
kinashuka sikioni, kinaishia shingoni."
Zahanati wakasema malaria. Akanywa dawa.
Wakasema taifodi. Akanywa.
Wakasema macho. Tukauza majogoo, akavaa miwani,
akawa anaumwa huku anaona mbali.
Dada yangu akasema yupo mtu.
Mtu akamchanja chale mbili, akataka kuku.
Gego likang'olewa Kibaigwa siku ya mnada:
zima, jeupe, halina tundu la kuingia sindano.
Bado ninalo, kwenye kopo la mafuta ya mgando.

Ndipo mjini, kliniki ya kinywa,
kijana aitwaye Daktari Ndahani,
viatu vina vumbi jekundu kama vyangu.
Hakugusa koleo.
Aliweka ncha za vidole mbele ya masikio ya mke wangu:
fungua, polepole, funga, fungua tena,
na wote watatu tukasikia
ta!
komeo la kibanda cha mbuzi.
"Simamisha vidole vyako vitatu, uviingize kati ya meno."
Viliingia viwili.
Cha tatu kikabaki nje kama mgeni asiyekaribishwa.
Akabonyeza shavu, chozi likamtoka.
Akabonyeza panja, Mbeleje akaruka:
"Hapo! Hapo hapo! Hicho ndicho kichwa chenyewe!"

Kumbe kichwa kilikuwa taya.

Kisha akanigeukia mimi.
"Wewe unalala naye. Usiku unasikia nini?"
"Panya," nikasema.
Hakucheka. Akaandika.

Akasema mtu husaga meno amelala,
akili imepumzika, taya liko zamu.
Wengine wana mzigo moyoni, wengine ni mazoea tu,
mara nyingine hata sisi hatujui.
"Kuna jambo, mama?"
Mbeleje akatazama dirishani, kule Mlimwa.
"Hakuna."

Lipo. Robo tatu ya ekari ya zabibu,
vipando alivyochomeka kwa mikono yake,
akavinywesha kwa ndoo kiangazi kizima.
Niliuza kwa mtu wa mjini,
nikamnunulia mpwa wangu pikipiki,
nikamwambia Mbeleje nguzo za uzio zikiwa zimeshasimama.
Alisema, "Sawa."
Neno moja tu. Ndilo alilokuwa akilitafuna.

Masharti hayakuwa makali.
Kitambaa cha maji moto shavuni, asubuhi na jioni.
Vidonge siku kumi, basi.
Muwa aache, karanga aache, nyama ya mifupa aache,
ale laini: mlenda, kwa mfano.
(Kumwandikia Mgogo mlenda! Tulicheka mpaka kituoni,
yeye akiwa ameshika taya.)
Midomo ifungwe, meno yaachane.
"Yakutane kwenye chakula tu, na hata hapo kwa adabu."
Na kibao cha plastiki, kimefinyangwa kwa umbo la meno yake,
akivae akilala.

Hii ni wiki ya saba.
Kichwa kinauma siku mbili, zamani zote saba.
Akipiga miayo taya bado linasema ta;
daktari anasema huenda litasema hivyo maisha,
mlio usiouma auache.
Usiku, kimya.
Mtego nimempa jirani.
Ninayekesha ni mimi, nimekodoa macho kwenye mabati,
nikitamani hata panya.

Jana jioni aliketi kizingitini,
akasimamisha vidole, akapima.
Viwili.
Akapumua, akakisukuma cha tatu, kikaingia.
Akavitoa, akavifuta kwenye kanga.
"Haya," akasema, "sasa tuongee lile shamba."