Msumeno Usiozunguka

Nilikutana nao Makadara, chumba cha plasta.
Mkono wa mwanangu ulikuwa mweupe, mzito,
kama muhogo uliomenywa ukasahauliwa.
Daktari akawasha. Mtoto akapiga ukemi.
"Haukati nyama huu," akasema,
akauweka juu ya kiganja chake mwenyewe,
ukalia, ukatetema, ngozi ikacheza nao. Damu, hata tone.
Kigumu hukatika. Kilaini hufuata.
Wenzangu kwenye benchi walimwombea mtoto.
Mimi, Mungu anisamehe, niliutazama msumeno.

Maana kule karakanani Mtongwe
limelala bomba la kuteleza la hoteli moja ya Shanzu,
la buluu, limepasuka kiunoni,
na fundi Shekuwe ana dawa moja tu, grainda.
Grainda haina subira.
Ukitaka kutoa ufa wa shibiri, inakupa shimo la dhiraa.
Na vumbi, hilo vumbi!
Linameta juani utadhani pambo la bibi harusi,
likishatua kiwikoni utajikuna hadi Ijumaa.
Tumeshafundishana: maji baridi kwanza,
ya moto hufungua vinyweleo, kioo kikapata nyumba.
Lakini kifua hakioshwi kwa maji baridi.
Shekuwe akikohoa usiku
jirani wa tatu huinuka kwenda kufungua mlango.

Dukani kwa Taherali, nyuma ya Mwembe Tayari,
nikafunguliwa sanduku: vipande thelathini na sita,
vimejipanga kwenye sponji kama vijiko vya karamu.
"Chukua mama, kila kitu kimo."
Kila kitu, naam.
Wa meno marefu, huu ni wa mbao,
fibagilasi itayang'oa kabla ya chai ya saa nne.
Bapa la kukwangua gundi, sawa, lina kazi.
Pembetatu ya msasa, inayofika pembeni kidole kisikofika,
ila msasa wenyewe umeanza kubanduka ungali dukani.
Nikauliza nusu mwezi wa kabaidi,
usio na meno, changarawe tupu,
mkavu kama ulimi wa paka.

Akanitazama upya.
Akaingia stoo, nikasikia ngazi ikiburutwa.
Akarudi na wa kabaidi, na wa almasi bei mara tatu.
"Wa almasi utamrithisha mwanao."
"Betri au waya?" akaendelea.
Waya. Umeme ukikatika, kifyonza vumbi kimekufa,
nami bila kifyonza sikati.
Nikazungusha kidude cha kasi, moja hadi sita.
Nitakaa kwenye tatu. Ukiikimbiza, resini hupata joto,
hunuka, hung'ang'ania chuma
kama kaimati iliyotiwa kwenye mafuta baridi.

Chini ya sanduku kulikuwa na shingo ya plastiki
ya kuunganishia mpira wa kufyonzea.
"Hiyo? Watu huitupa na karatasi."
Alipoona naitaka, ikapata bei.
Shingo, na mpira wake, na mfuko wake: almasi nzima.
Nikahesabu noti mara mbili, kana kwamba zingezaana.
Almasi ikarudi kabatini.

Shekuwe alicheka hadi akakohoa.
"Kina homa hiki. Kitakata nini?"
Nikapiga mstari kwa penseli, nikabandika utepe,
nikaegemeza nusu mwezi, sikuusukuma.
Ukalia ule mlio wa Makadara.
Ufa ukatoka mwembamba, kingo zake zimenyooka,
buluu, nyeupe, buluu.

Hakuutazama ufa.
Alitazama juu, tundu la bati linapopitisha mwali wa jua,
mwali ambao miaka yote huwa mzito kama uji.
Leo ulikuwa mwanga tu.
"Mbona hamna kitu?" akauliza, kwa sauti ya aliyeibiwa.

Kipo, nikamwambia, kidogo. Vaa barakoa.
Akavaa.
Ndipo masharubu, aliyoyalea tangu ujana,
yalipotuondokea kwa mara ya kwanza.