Daftari la Luiche

Jalada lina nembo na maandishi ya mhuri:
UBORA WA MAJI, MTO LUICHE, KITUO CHA DARAJANI.
Ndani ni safu: tarehe, tope, uchachu, vimelea,
na pembeni kabisa, Aliyepima.

Januari mto unasema na kukana.
Leo tope, kesho afadhali,
keshokutwa mabaki ya mawese yameteremka
toka kwenye mashine za kukamulia,
yakaacha ukingoni utepe mwekundu.

Februari imenyeshewa. Karatasi imevimba,
tarakimu zimeota manyoya.
Ila ni kweli: nilikuwepo, viatu mkononi,
barafu ya sampuli nimeinunua Katonga
kwa wauza samaki, kwa hela yangu.

Machi pikipiki ikafa.
Nikaandika barua. Barua ikapanda ngazi,
ikashuka na neno moja: Subiri.

Aprili, saba nukta mbili.
Mei, saba nukta mbili.
Juni, mto mzima, na majaruba yake ya mpunga,
na mihogo iliyolowekwa, na watoto wanaooga,
saba nukta mbili.

Julai akaja ofisini Bi Ntakije, kutoka Simbo,
na dumu lililozibwa kwa gunzi la muhindi.
Akalitua juu ya meza, kando ya chai yangu.
"Wajukuu watatu wanaharisha, wiki sasa.
Nimeuliza, nikaambiwa maji yana mwenyewe,
yanapimwa mjini. Basi nimemletea mwenyewe."

Nikafungua daftari nimwoneshe.
Hakusoma maneno. Kidole chake kikashuka na safu,
saba, saba, saba,
kikasimama.
"Mbona mto wenu hautembei?"

Feni ilikuwa inazunguka. Sikujibu.

Serikali ni neno refu, lina majengo na bendera;
kule darajani huwa ni mtu mmoja na chupa,
na mtu huyo asipokwenda
hakuna kilichokwenda.

Nimekata mstari juu ya Juni, na Mei, na Aprili.
Wino haukubali: saba bado zinachungulia.
Kesho alfajiri nachukua bodaboda,
risiti nitaiambatisha, walipe wasilipe.

Dumu liko hapa bado.
Chini yake limeacha duara la maji mezani,
na duara limefika kwenye ukurasa,
linalowesha ile safu ya pembeni:
S. Gwimo. S. Gwimo. S. Gwimo.