Bikoni

Daktari alisema: sifuri nukta mbili.
Nikacheka. Mimi ni mpima ardhi mstaafu,
miaka thelathini na mmoja nimevuta mnyororo
kutoka Mbezi hadi Mbagala.
Nukta mbili naijua:
ni unene wa kalamu juu ya ramani,
ni kosa ambalo mkuu wa ofisi hulisamehe.
"Mzee Mwinshehe," akasema,
"pale palitakiwa pasiwe na kitu."

Tezi yenyewe walikwisha kuing'oa mwaka juzi.
Nikadhani shauri limekwisha, hati ninayo.
Kumbe mvamizi ni mvamizi:
unambomolea mchana,
usiku anarudi na tochi,
anasogeza jiwe la mpaka.

Basi wakaniwekea bikoni.
Moja chini ya kitovu, mbili kwenye nyonga,
vidoti vya wino vilivyochomwa kwa sindano,
havitoki hata kwa dodoki.
Tusekile, binti wa mashine, akaniomba radhi.
Nikamwambia, mwanangu,
mimi nimewachimbia watu zege uani
bila kuuliza panauma wapi.

Siku thelathini na tatu,
Jumatatu hadi Ijumaa, kama kazi ya serikali.
Na sharti: maji nusu lita, saa moja kabla,
kisha usikojoe.

Sasa nisikilize.
Mimi, ambaye tangu kisu kile
kikohozi tu hunilowesha,
niliyesimama duka la dawa Magomeni
nikanong'ona, nepi za watu wazima,
nikasema ni za mama
(mama yuko Kisarawe, kaburini, tangu mwaka wa Elinino),
mimi ndiye naambiwa
nikabidhi kibofu kimejaa.

Tuko watano kwenye benchi pale Ocean Road,
magoti yamebanana,
hata Simba na Yanga hazina mtetezi.
Jana mashine ikagoma.
"Dakika kumi tu, wazee wangu."
Mzee Kahangwa akaanza kuhesabu vigae kwa Kihaya.
Bwana Pazi akavuta tasbihi mbio mbio,
nadhani aliruka punje.
Zikawa arobaini.
Aliyeshindwa wa kwanza hakuwa mimi,
na jina lake silitaji.
Sote tuligeukia dirisha kwa pamoja, kama gwaride,
mpaka mhudumu akapita na dekio.

Ndani nilitegemea moto.
Hakuna moto, hakuna harufu.
Inanizunguka, inavuma kama friji la jirani,
na mstari mwekundu unakatiza tumbo langu,
umenyooka, hauna shaka.
Nikamwonea wivu aliyeupiga.
Mimi wa kwangu, pale Kimara mwaka themanini na tisa,
ulipinda hatua moja na nusu,
na ndugu wawili hawajasalimiana hadi leo.

Usiku Siwema hulala upande wa ukutani.
Hatujagusana tangu upasuaji, wala si ugomvi.
Jana akapitisha kidole, akavitafuta gizani:
kimoja. Cha pili.
Cha tatu akakikosa.
"Kiko wapi?"
Nikamshika mkono, nikampeleka.
"Hapa ndipo mwisho?"
Nikasema, hapa ndipo wanapoanzia kupima.
Akauacha mkono palepale
mpaka mwadhini akakohoa kwenye kipaza sauti.

Leo ni ya kumi na tisa.
Damu wataichukua Desemba.
Chupa nimeijaza,
iko mlangoni, kando ya viatu.