Kunguru wa Siku ya Kumi

Kinyozi amemaliza. Vichwa vya kaka zangu wawili
vinang'aa kama sufuria zilizosuguliwa kwa jivu,
na nywele zao zinakwenda na maji ya Savitri,
polepole, kama watu wasio na nauli.

Mimi sikupaswa kufika hapa mtoni.
Wanawake hubaki nyumbani na vyungu.
Nimefika. Nimesimama ngazi ya saba, viatu mkononi,
na hakuna aliye na nguvu ya kunifukuza.

Juu ya jani la mgomba, matonge matatu ya wali,
ufuta mweusi, maziwa kidogo, ua moja la njano.
Mama, aliyekula wa mwisho miaka yote,
akikwangua ukoko wakati sisi tunapiga mbweu,
leo ametengewa wa kwanza.

Kunguru wako juu ya mzambarau. Nimewahesabu: kumi na mmoja.
Akishuka mmoja akadonoa, roho imeridhika, safari iendelee.
Asiposhuka, kuna neno limemkaa marehemu kooni.

Hashuki.

Kaka Dattaram anakunja mikono:
"Aai, shamba la mpunga hatutaliuza."
Kunguru mmoja anajikuna bawa.
Kaka Yeshwant: "Aai, Sumedha tutamwoza mwaka huu huu,
hata kwa mkopo."
Kunguru wanatazama barabarani. Basi la Mumbai linapita.
"Mrehani wako mlangoni utapata maji,
kila jioni tutauwashia taa."
Nani atawasha, kaka? Nyumba mnaifunga Jumapili.
Hata ndege wameona kufuli jipya.

Jua limepanda. Matonge yanakauka, yanafanya nyufa.
Godbole, kuhani wetu, ametazama saa yake,
kisha, bila kusema kitu, anasokota majani ya darbha:
kichwa, mkia, mdomo.
Kunguru wa nyasi, aguse wali kwa niaba ya wenye mabawa.
Imeruhusiwa. Hata mbinguni kuna mlango wa uani.
Lakini Dattaram ameinamisha upara wake
na mabega yake yanatikisika.

Ndipo nasikia fimbo ikigonga ngazi.

Ni Sarubai, mke wa baba mdogo,
ambaye Mama hakumsemesha miaka kumi na tisa
kwa sababu ya mfenesi ulioota mpakani.
Walipokutana kisimani kila mmoja alikisalimia kisima.
Hatukumwita. Ameshuka akihema,
amepita kaka zangu, amempita kuhani,
akasimama mbele ya jani kama mtu aliyekuja kudai chake.

"Indu, mkaidi wee.
Mfenesi ni wako. Nilikuona ukiupanda,
nilikuwa nimejificha nyuma ya banda la nyati.
Nilikuona. Haya, kula basi.
Watoto hawa tangu alfajiri hawajatia kitu tumboni."

Sijui. Kunguru naye ana tumbo,
na wali ulikwisha kaa saa mbili juani.
Nasema nilichokiona tu:
mmoja aliyekatika ukucha aliteleza kutoka tawini,
akalidonoa tonge la kati, mara moja, mara mbili,
na Godbole akakidondosha kile kiumbe chake cha nyasi
mtoni, haraka, kama mwizi anayetupa ushahidi.

Kurudi nyumbani, mila inakataza kugeuka nyuma.
Niligeuka.
Sarubai alikuwa bado pale, ameketi karibu na jani,
kidole hewani, akiendelea kumgombeza ndege.

Siku ya kumi na tatu, matanga yalipoanuliwa,
tulikuta mlangoni nusu ya fenesi ndani ya gazeti,
upande uliokatwa ukivuja utomvu.
Yeshwant alileta kisu. Nikamwambia ngoja,
paka mafuta kwanza, na mikono pia, hadi kwenye kiwiko.
Mama alisema hivyo kila msimu,
akitumenyea fenesi la kununua sokoni.