Dai la Kwanza

Miaka kumi na tisa nimechapa ugomvi wa migomba:
nani alisogeza sale usiku, nani alimzika mama yake
hatua tatu ndani ya kihamba cha nduguye.
Ofisi yangu iko juu ya duka la mbegu, hapa Moshi mjini,
ngazi ya nyuma, mlango wa pili. Bango limefifia.

Eliaichi Temba alipanda Jumanne, viatu vina tope la Uru,
akaweka mezani kopo la mafuta ya kupikia.
Ndani yake pamba. Ndani ya pamba, kitu
kidogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
"Nataka hataza," akasema.
Nikamwambia, kaa.

Ni chipu ya kwanta. Inafanya kazi kwenye baridi
ambayo Kibo ungeisikia ungejifunika blanketi.
Humo ndani ndiyo na siyo hulala kitanda kimoja
mpaka mtu achungulie.
Nikamwambia hilo nalijua, kila wiki naletewa mashahidi wa namna hiyo.

Hakucheka. Akachora.
Waya unakwenda, unakwenda, kisha unapinda kidogo,
na penye mpindo kelele inapungua, hesabu haivunjiki.
Basi. Miaka sita, mkopo wa SACCOS,
mashine ya kukodi kwa saa katika nchi za watu,
ndio huo mpindo.

Nikashika kalamu. Kudai nimezoea.
Lakini hapa neno likiwa pana, umedai mto mzima, watakucheka;
likiwa jembamba, jirani anapita pembeni
na mpindo wake wa digrii moja zaidi, na tai shingoni.
Ni kupanda masale tu, nikamwambia,
ila udongo wenyewe ni sentensi.

"Kuna mtu umemwonyesha?"
Akatazama dirishani. Malori ya saruji yalikuwa yakielekea Himo.
"Mjomba."
Wapi?
"Kilabuni. Nilimchorea mezani kwa povu la mbege."
Mlikuwa wangapi?
"Kumi na mmoja. Na mwenye kilabu."

Kilichokwisha tangazwa hadharani si kipya tena;
sheria haina utani wa ukoo.
Mjomba alisemaje?
"Alisema hiyo ni kona ya mfongo, pale chini kwa Ndelimbi,
tunapinda maji yasile ukingo.
Kisha akaagiza kata nyingine."

Je, povu ni chapisho?
Je, mlevi ni mtaalamu wa fani?
Usiku ule sikulala, nilikuwa najibu
maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Kabla ya Ijumaa ikafika barua ya wanunuzi,
kurasa arobaini na moja, adabu tupu.
Wanataka haki zote, duniani kote na popote kwingineko,
pamoja na maboresho ambayo hajayaota bado.
Kiasi chenyewe nilikigeuza shilingi mara mbili,
nikaenda kunywa maji.

"Nikiuza," Eliaichi akauliza, "halafu nikapinda waya hapa hapa Uru,
nitakuwa mwizi?"
Ndiyo.
"Wa kitu changu?"
Wa kitu chao.
Alikaa kimya muda wa lori zima kupita.

Tukawarudishia kurasa tatu: leseni, si mauzo.
Mrabaha kwa kila chipu. Na hapa nchini, atatengeneza mwenyewe.
Bado hawajajibu.

Penye mvumbuzi niliandika jina moja.
Aliuliza kama mjomba anaweza kuingia, hata kwa herufi ndogo.
Haiwezekani. Wa mjomba ulikuwa mpindo wa maji.

Nimechapa mipaka ambayo watu wamezeeka nayo,
wakairithisha pamoja na chuki.
Huu umezaliwa na tarehe ya kufa:
miaka ishirini, masale yanang'olewa, apite atakaye.
Kuna wateja wangu ningependa waisome karatasi hiyo.
Wangenihama.

Amenilipa nusu fedha, nusu mkungu wa mshare.
Kopo alilisahau.
Naweka pini.