Geti Lisilogongwa Nyundo

Mimi huchomelea mageti hapa Kibuye,
mwaka wa ishirini na saba huu, jicho la kushoto limefifia.
Najua chuma kinavyonuna kabla hakijakunjika,
najua bawaba ipi italia mvua ikianza.

Binti yangu Apondi naye anajenga mageti,
kule Maseno, katika chumba kinachonuka spiriti,
madogo hivi kwamba ukiyapanga elfu tano bega kwa bega
yataenea juu ya mvi yangu moja
na nafasi ibaki.

"Unayakata kwa msumeno gani?"
"Sikati, Baba. Ni nyuzi za DNA ndani ya maji ya chumvi:
mmoja mrefu, na vipande mia mbili vya kuushikiza.
Nazipasha moto mpaka zisahauliane,
kisha nazipoza, taratibu.
Kila herufi inamjua mwenzake. Zinajisuka."
"Na fundi?"
"Fundi ni ubaridi."

Nilicheka hadi kinga ya uso ikaanguka.

Jumanne usiku stima ikapotea, Kisumu mpaka Maseno.
Mimi nikaacha geti la kanisa likining'inia kwa mshono mmoja.
Yeye mashine ikazimika nyuzi zake zikiwa kwenye nyuzi tisini,
akachemsha maji kwa gesi,
akazitumbukiza katika chupa ya chai ya marehemu mama yake,
ile yenye maua mekundu, kifuniko kimepasuka,
akaifunga kwa koti langu la zamani
akakaa nayo gizani kama anayelea mtoto.

Alfajiri simu: "Yamesimama."

Jumamosi akanionyesha kwenye kompyuta.
Mstari umelala. Umelala. Nikapiga miayo.
Ghafla ukapanda kidato kimoja, ukabaki huko juu.
"Hapo limeingia kwenye utando," akanong'ona,
"tumelipaka mafuta kiunoni, maana ukuta wenyewe ni mafuta.
Hapo chumvi inapita."
Sikuona geti. Niliona uso wake.

Nikauliza swali la kazi yangu:
"Na komeo je?"
Akanyamaza, akasugua chupa kwa kidole.
"Bado. Linafunguka tu. Kulifunga ndiko kunaninyima usingizi."
Nikamchorea komeo nyuma ya risiti ya vyuma.
Hakucheka. Aliikunja, akaitia mfukoni.

Jumatatu, Kibuye. Geti la kanisa lingali linaning'inia.
Nililipasha moto, nikakaa juu ya ndoo, nikalitazama likipoa.
Likapoa kabisa.
Halikujisuka.
Nikainuka nikatafuta nyundo.