Kilele cha Dakika ya Tisa

Gunia limeletwa na Koplo Mafuru
saa mbili kasorobo, lakiri haijaguswa,
amelibeba kama mtu anayebebeshwa mtoto wa mwenzake:
mbali na kifua.
"Saini hapa, mama."
Nikasaini. Kielelezo namba kumi na nne.

Nje, upepo wa ziwa umegeuka,
unapanda kutoka Mwaloni na harufu ya dagaa
wa jana, wa juzi, wa mwaka mzima.
Nafunga dirisha. Nakata lakiri.

Na maabara ikajaa jiko la kwetu.

Sijui niliseme vipi nisidhaniwe nimeonja.
Nilitarajia moshi, vichochoro, kesi.
Ukaja mchaichai.
Ikaja sufuria iliyopinda ukingo, Igogo, juu kwenye mawe,
na mama akichuma majani kando ya jabali la kuanikia udaga,
anayapiga fundo
kama anavyopiga fundo la pesa kwenye pindo la kanga.

Mashine haina mama.
Inapasha, inasukuma, inasubiri,
kisha inachora vilima kwenye karatasi,
mji wa mawe mwingine, mdogo, wa wino.
Dakika ya tisa: kilele chembamba, kirefu, peke yake.
Mirisini.
Imo kwenye bangi. Imo kwenye mchaichai,
imo kwenye embe unalolinusa kabla hujalipa.
Yenyewe haimpeleki mtu Butimba.
Kinachompeleka mtu Butimba ni kilele kingine,
kinene, kinachokuja kwa kuchelewa kama mgeni rasmi,
na hicho ndicho ninacholipwa kukitafuta.

Nimesoma, usiku, taa ya simu ikinichoma macho:
panya waliopewa dawa ya usingizi pamoja na mirisini
walilala kuliko wenzao.
Panya. Aliyeandika alikuwa mwangalifu
na mimi najitahidi kuwa mwangalifu,
ila mama yangu yuko Bugando, dripu ya tatu,
hajalala tangu Jumatatu.
Anasema mdomo wake una ladha ya msumari.
Uji anautazama kama deni.

Mdogo wangu Nkwimba akanivuta ukumbini,
akashusha sauti:
"Si una gunia zima wewe?"
Sikumjibu.
Hata sasa, nikioga, namjibu.

Nilifunga gunia, nikapima tena, gramu kwa gramu,
nikanawa mikono mara mbili
nikashuka Igogo.
Mchaichai upo, umeota kwa ukaidi wake kati ya mawe mawili,
nikaushika, ukanikata kidole
kama ulivyokuwa ukinikata nikiwa darasa la tatu.
Nikachemsha. Nikafunika haraka,
maana kinachopaa ndicho chenyewe,
kinachobaki ni maji ya kijani tu.
Chupa kwapani, nikaupanda mlima wa Bugando kwa miguu.

Nikafungua kifuniko karibu na pua yake.
Hakunywa.
Alivuta. Akavuta tena.
Akasema, "Nani kaacha sufuria motoni?"
halafu akalala,
mdomo wazi, dakika arobaini,
nimezihesabu kwenye saa ya ukutani
iliyokuwa mbele kwa robo saa.

Usiniulize kama ni mirisini.
Huenda ni mvuke. Huenda mwili ulikuwa umechoka kukataa.
Huenda ni Igogo.
Sampuli moja haithibitishi kitu,
nawafundisha hivyo vijana wa mafunzo kila mwaka.

Wiki iliyofuata hakimu akauliza nimegundua nini
katika kielelezo namba kumi na nne.
Nikasoma uzito. Nikasoma jina la kilele kinene.
Kijana kizimbani, Masalu fulani,
alinitazama kana kwamba nilikuwa nasoma umri wake.
La dakika ya tisa hakuna aliyeniuliza.
Nikakaa.
Kidole kilikuwa bado na mkato.
Nikakipeleka puani, polepole,
kama mtu anayejikuna.